Praima kwenye bunduki ya semi-otomatiki: soma dalili ujue chanzo

Tulikuwa uwanja wa shabaha, jamaa yangu ana M1 Garand na risasi alizojaza upya mwenyewe, akachukua moja akaitumbukiza kwa mkono kwenye chemba akaachia bolti ikaruka mbele, paa! bunduki ikalia. Kidole kilikuwa nje ya triga, mi nilikuwa namwangalia mkono, hakugusa kitu. Kilichotuokoa ni kwamba mtutu ulikuwa unaangalia tuta la udongo na sio mguu wa mtu. Tukakaa chini, tukachukua risasi zake zilizobaki tukazisimamisha moja moja juu ya kioo cha simu, na tatu kati yake zilikuwa zinayumba kama meza yenye mguu mfupi. Praima, zile fataki ndogo za kitakoni mwa risasi, zilikuwa zimechomoza, kidogo sana, ukitazama kwa jicho unaapa ziko sawa.

Kwa hiyo haya naandika kwa wewe ambaye tayari unajaza risasi zako upya kihalali, una kitabu cha vipimo cha kampuni ya baruti unayotumia, na bunduki yako inajipakia yenyewe. Kama uzoefu wako wote ni kwenye bunduki ya kukokota bolti kwa mkono, soma polepole, maana kule bolti inafunga taratibu kwa mkono wako na makosa mengi yanasamehewa, huku bolti inafunga kwa springi, kwa nguvu, na wewe huna namna ya kuhisi kwamba kuna kitu kimekwama.

Tuelewane kwanza kuhusu hiki kidude. Praima, au fataki kama wazee wanavyoita, ni kikombe kidogo cha madini, ndani yake kuna mchanganyiko unaolipuka, na juu ya mchanganyiko kuna kipande cha chuma chenye miguu, tuite fuawe, maana kazi yake ni ile ile ya fuawe ya mhunzi. Pini ya bunduki iliyo ndani ya bolti ikigonga kikombe, mchanganyiko unabanwa kati ya kikombe na fuawe, unalipuka, moto unapita kitobo cha katikati unawasha baruti. Shika hilo la KUBANWA, maana karibu kila tatizo hapa chini linarudi pale pale: ama imebanwa kabla ya wakati, ama wakati wake umefika haikubanika.

Bunduki imelia bolti ilipofunga

Hii ndio mbaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Bunduki nyingi za semi-otomatiki zina pini inayoelea, haina springi ya kuirudisha nyuma. M1 Garand, M14 na ndugu yake M1A, AR-15, AK, na SKS nyingi, zote ziko hivyo. Bolti ikikimbia mbele na kusimama ghafla, pini nayo ina mwendo wake, inaendelea mbele na kugusa praima. Kila mara. Kila risasi unayopakia. Fanya jaribio hili ukiwa uwanjani mtutu umeelekea tuta: pakia risasi moja toka kwenye magazini ya AR-15, kisha itoe bila kupiga, angalia kitako. Utaona kidoti kidogo katikati ya praima, kama alama ya ncha ya kalamu. Hiyo ni kawaida, usitishike. Ila kidoti hicho kinakwambia kwamba kati ya wewe na mlipuko usiotaka kuna ugumu wa praima, kina cha praima, na uzito wa pini, basi. Jeshi la Marekani lenyewe lilikutana na hili kwenye M16 za mwanzo, ndugu wa kijeshi wa AR-15, wakaipunguza pini uzito ili igonge kwa nguvu ndogo bolti inapofunga.

Sasa chanzo. Watu wengi wakisikia habari hii wanakimbilia kununua praima ngumu na wanaona wamemaliza. Hapana ndugu yangu. Praima ngumu ni ngao ya mwisho, anza na hivi vingine.

Cha kwanza ni praima iliyochomoza. Ikichomoza, uso wa bolti wenyewe unaigonga kabla hata pini haijafika, na miguu ya fuawe isipokuwa imekaa chini kabisa kwenye tundu la praima la ganda mambo hayatabiriki. Praima inatakiwa iwe CHINI ya usawa wa kitako, inchi 0.003 mpaka 0.005 hivi, yaani ukipitisha kucha au ncha ya kidole unasikia kishimo. Usawa kabisa na kitako mi kwenye semi-otomatiki siukubali. Pima kwa kalipa, ile fimbo ya nyuma ya kupimia kina, pima za kwanza kumi kisha zilizobaki zipitie zote kwa kidole, na nikisema zote namaanisha zote, sio moja katika kila tano.

Kwanini inachomoza? Uchafu wa zamani umebaki kwenye kona za tundu, ile masizi nyeusi iliyoganda, inazuia praima isifike chini. Au ganda ni la kijeshi, na maganda ya kijeshi praima yake ya mwanzo hubanwa kwa kukunja ukingo wa tundu, ule mkunjo usipoondolewa praima mpya inaingia kwa shida, inapinda, inasimama njiani. Ukiona kwenye kitako cha ganda duara lenye msalaba ndani, hiyo ni alama ya NATO, tegemea kukuta huo mbano. Uondoe kwa kifaa cha kusukuma chuma au cha kukwangua, na ukikwangua usipitilize, tundu likilegea ganda hilo limekwisha. Ukisikia kwenye mkono kwamba praima inagoma kuingia USIIKANDAMIZE, simama, toa ganda, angalia. Unasukuma kilipuzi kwa chuma, ile kugoma ni onyo.

Cha pili, na hiki ndio watu hawakijui: ganda halijarudishwa saizi vya kutosha. Unashangaa ganda na praima wapi na wapi? Ngoja. Ganda likiwa refu kidogo kwenye bega lake, pale linapoanza kubana kuelekea shingoni, halizami chemba mpaka mwisho, bolti inakuja kwa kasi inalipiga kama nyundo ili kuliingiza kwa nguvu, haijajifunga bado, pini nayo inakimbia mbele. Ikilipuka hapo bolti iko wazi nusu, gesi na vipande vya shaba vinarudi upande wako, na hapo ndipo bunduki zinapasuka na watu wanaumia uso. Kwa semi-otomatiki rudisha bega nyuma inchi 0.003 mpaka 0.004 ukilinganisha na ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, na kila risasi iliyokamilika itumbukize kwenye geji ya ganda, kile kipimo chenye tundu la umbo la chemba. Inaingia kwa uzito wake yenyewe na kutoka yenyewe? Sawa. Unaisukuma kwa dole gumba? Iweke pembeni.

Cha tatu, kuingiza risasi kwa mkono kwenye chemba na kuachia bolti, kama alivyofanya jamaa yangu. Bolti inapochota risasi toka kwenye magazini inapungua kasi kwa sababu inaikokota, ukishaweka risasi mkononi bolti inakuja na kasi yake yote. Kwenye Garand na M1A hiyo tabia iache kabisa. Yeye siku ile alikuwa na praima zilizochomoza PAMOJA na bolti ya kasi kamili, viwili kwa mpigo.

Cha nne, pini yenyewe. SKS ina historia yake hapa, zilihifadhiwa na grisi nzito miaka mingi, grisi ikiganda ndani ya bolti pini inanasa ikiwa mbele, na hapo kila risasi inayopakiwa inalipuka, bunduki inaweza kumaliza magazini nzima bila wewe kugusa chochote. Toa bolti, itikise karibu na sikio. Lazima usikie pini inacheza ndani, kra kra kra. Usiposikia, fungua, osha mpaka chuma king'ae, na usiipake mafuta mazito tena.

Ukishavimaliza hivyo vinne ndio tuongelee ugumu wa praima. Kwa raundi ndogo kama .223, kampuni ya CCI wana praima namba 41, kwa kubwa kama .308 kwenye M1A wana namba 34, zote zimetengenezwa kufuata masharti ya kijeshi ya kutokuwa nyepesi kulipuka. Kwa AR-15 kuna pia Federal GM205MAR. Zile praima za shabaha zinazosifiwa kwa ulaini wake, waachie wenye bunduki za kukokota. Federal 210 kwa mfano ni praima safi sana, mimi mwenyewe naipenda kwenye bunduki ya kukokota, ila kwenye Garand siiweki.

Na tafadhali, ukibadilisha praima umebadilisha pima, yaani mchanganyo mzima wa praima na kiasi cha baruti. Namba 41 na 34 zina moto mkali kuliko za kawaida. Ukitoka praima ya kawaida kwenda hizo, kipimo chako cha baruti kilichokuwa karibu na juu kinaweza kupita mpaka. Rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu, panda upya taratibu. Hili sio la kubishana.

Bunduki imelia mara mbili kwa kufyatua mara moja

Hapa tusikimbilie kulaumu praima. Inaweza kuwa ni ile ile ya pini na bolti hapo juu, lakini mara nyingi ni triga, ile kulabu ndogo inayoshika nyundo wakati kidole bado kimebonyeza imechakaa, au umeshika bunduki kilegevu ikarudi ikajibonyeza yenyewe kwenye kidole. Utatofautishaje? Pakia risasi mbili tu kwenye magazini, sio zaidi, mtutu kwenye tuta. Ikirudia hata mara moja, pakua, peleka kwa fundi wa bunduki aangalie triga na bolti, na risasi zako zipime kina cha praima kabla hujaenda ili umwambie ulichokuta. Usiendelee kupiga eti uone kama itaacha.

Praima imetobolewa

Unaokota ganda unaona pale pini ilipogonga pana tundu jeusi, na pengine uso wa bolti una alama ya kuungua kama sarafu ndogo. Kile kipande kidogo cha duara kilichokatika kimeingia ndani ya bolti, kinaweza kuinasa pini ikiwa mbele, na hapo umerudi kwenye tatizo la kwanza. Simamisha kila kitu, fungua bolti ukitafute mpaka ukipate.

Chanzo cha kwanza ni kikombe chembamba. Hapa unene una maana. CCI 400 kikombe chake ni takriban inchi 0.020, CCI 450 na Remington 7½ ni takriban 0.025. Tofauti ya unywele tu, lakini .223 kiwango chake cha juu cha mgandamizo ni psi 55,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba) na kikombe ndicho kinachozuia mgandamizo huo wote pale katikati. Remington 6½ ilikusudiwa risasi za mgandamizo mdogo kama .22 Hornet, na kampuni yenyewe inasema isitumike kwenye .223. Mtu anaona inaingia kwenye tundu vizuri, anadhani inafaa.

Na hilo la kuingia linaniumiza zaidi nikifika kwenye praima za bastola. Praima ndogo ya bastola na praima ndogo ya bunduki zina upana mmoja, inchi 0.175. Zinaingiliana. Ila ya bastola kikombe chake ni chembamba, haikutengenezwa kwa mgandamizo wa bunduki, na ni nyepesi kugongeka, kwa hiyo ukiitia kwenye .223 ya AR-15 umejitafutia mlipuko wa mapema na praima iliyotobolewa, vyote viwili. Zile kubwa zina upana wa inchi 0.210 zote lakini ya bunduki ni ndefu kwenda chini kuliko ya bastola. Usiwe na paketi mbili za aina tofauti mezani kwa wakati mmoja. Moja tu mezani, nyingine kabatini, na zilizobaki kwenye trei zinarudi kwenye paketi YAKE, ukishasahau zimetoka wapi usizibahatishe.

Chanzo kingine ni mgandamizo kuzidi, au ncha ya pini imeliwa na gesi imekuwa kali. Pitisha ncha ya pini kwenye kidole taratibu, iwe ya mviringo, laini. Ukihisi kikwaruzo, badilisha pini.

Praima imebonyea bapa, au imevimba kuzunguka alama ya pini

Wengi wanasoma praima kama majani ya chai. Praima bapa inaweza kuwa mgandamizo mkubwa, inaweza kuwa kikombe laini tu, inaweza kuwa bega umelirudisha nyuma kupita kiasi, ganda likapata nafasi ya kuruka nyuma na kuigonga bolti. Kwa hiyo usiitumie peke yake. Ukiiona pamoja na maganda yenye alama ya kung'aa kwenye kitako, maganda yanayotupwa mbali kuliko kawaida, matundu ya praima yaliyolegea baada ya kupigwa mara moja au mbili, basi amini, pima yako iko juu, shuka. Kinyume chake pia ni hatari: praima ngumu za kijeshi hubaki mviringo hata pima ikiwa imezidi, kwa hiyo uso mzuri wa praima usikupe moyo wa kuongeza baruti.

Tiki, haikuwaka

Kwanza kabisa: usifungue. Shika mtutu kwenye tuta, hesabu sekunde 30 nzima, maana kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Halafu ndio uitoe.

Angalia alama. Ikiwa imezama vizuri, ipige mara ya pili ukiwa umehakikisha ile ya kwanza haikutoa hata kimlio. Ikiwaka pigo la pili, karibu kila mara praima haikuwa imekaa chini kabisa, pigo la kwanza lilitumika kuisukuma ikae, la pili ndio likaibana. Unaona? Kosa lile lile la kuchomoza, linaweza kulia kabla ya wakati au likakataa kulia kabisa.

Alama ikiwa hafifu, je umeweka springi nyepesi ya nyundo ili triga iwe laini? Springi hizo na praima za kijeshi hazipatani, chagua kimoja, na mi ningerudisha springi ya kiwandani. Pia bolti chafu inapunguza kasi ya pini. Na alama ikiwa nzito lakini haikuwaka hata mara ya pili, tafuta unyevu. Maganda yaliyooshwa kwa maji yanadanganya, nje yamekauka, ndani ya tundu la praima kuna tone. Mafuta ya kulainisha maganda yakibaki humo ni hivyo hivyo. Na wale wanaosafisha kwa chenga za mahindi au maganda ya karanga ngumu, chungulia kitobo cha moto, chenga moja tu ikikaa pale umeziba njia ya moto.

Kama ulisikia kimlio kidogo, puu, bila teke begani na bunduki haikujipakia, hapa nakuomba sana. Usikokote bolti ukaendelea. Praima yenyewe bila baruti ina nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Semi-otomatiki inakushawishi kwa sababu unadhani imekwama tu, mkono umezoea kugonga magazini, kukokota, kupiga. Pakua, toa bolti, pitisha fimbo kwenye mtutu toka upande mmoja hadi mwingine.

Risasi imeshakamilika na praima imechomoza, nifanyeje?

USIIKANDAMIZE kwenye presi. Kuna baruti na kichwa mle ndani, hiyo ni risasi kamili unayotaka kuigonga kitako. Toa kichwa kwa kifaa cha kubana na kuvuta, achana na ile nyundo ya kutolea vichwa kwa kugonga, mwaga baruti, halafu ganda likiwa tupu ndio uisukume praima taratibu kwa kifaa cha mkono, miwani usoni, mdomo wa ganda umeuelekeza mbali na wewe na watu. Na praima zenyewe usizimimine kwenye kopo au chupa hata siku moja, moja ikilipuka zinalipuka zote kwa pamoja. Zibaki kwenye trei zake za kiwandani, mahali pakavu, mbali na joto.

Triga imekufa ghafla katikati ya kupiga

Hili dogo lakini linawasumbua sana wenye AR-15. Triga haibonyei, au nyundo haishuki, na ganda la mwisho lililotoka halina praima, tundu tupu. Praima imetoka wakati wa kutupa ganda, imeangukia kwenye boksi la triga. Pakua, hakikisha chemba ni tupu, fungua bunduki vipande viwili, geuza sehemu ya chini juu chini uitikise juu ya kitambaa cheupe. Itadondoka. Kisha chukua lile ganda, jaribu kuingiza praima nyingine mpya: ikizama bila upinzani wowote, tundu limelegea, ganda hilo na wenzake wa rika moja waliopigwa mara zile zile, yaponde kwa koleo ili mtu asiyaokote akayajaza tena, halafu kabla hujapakia hata risasi moja zaidi ya kundi hilo rudi kwenye daftari lako uangalie uliweka baruti kiasi gani.